Saa ya Kuzamia na Alama ya Ndege

Akija mtu kwenye meza yako anataka saa ya kuzamia ya bei nafuu, usikimbilie kumwonyesha saa. Mwulize kwanza: ukitoka majini unalala wapi? Atakushangaa. Atadhani umechanganyikiwa, na kama ni kijana mwenye haraka atatoa simu yake aanze kuibofya. Mwache aibofye, kisha mwulize tena. Mimi nilifungua saa za watu pale Tunduma zaidi ya miaka ishirini bila kulijua swali hilo, na nilipolijua, aliyekuwa ameumia si mimi.

Najua wengine wenu, mafundi vijana, mmeshaanza kucheka. Saa ya kuzamia, Tunduma? Mji wenyewe uko juu mlimani, maji ya kunywa tunayagombea kwa ndoo, na ukitaka ziwa la kuzamia ushinde barabarani kutwa nzima. Chekeni tu. Ila mkumbuke kwamba pale ni mpakani, na mpakani hupita kila kitu. Tangu biashara ilipofunguliwa, enzi zile za ruksa, nimeona vikipita pale vitanda vya hospitali, kinanda cha kanisa na hata farasi wa mbao wa watoto kubembea. Kitu kikiwa na kioo na namba na kimesimama, waliniletea mimi.

Kwa asiyeijua, saa ya kuzamia si saa hasa. Wenyewe huiita kompyuta. Mzamiaji anayeshuka na mtungi wa hewa mgongoni huivaa mkononi, nayo humwambia yuko kina gani, ameshakaa dakika ngapi, na amebakiwa na ngapi kabla ya kupaswa kupanda. Maana kule chini maji yanakukandamiza, na ile hewa unayovuta inaingia kwenye damu na nyama. Ukipanda taratibu, inatoka taratibu. Ukipanda haraka, inafanya mapovu ndani ya mwili wako, na mapovu hayo yanaweza kukuvunja miguu ukiwa umekaa. Hayo niliyajua mapema, na ndiyo yaliyonitia kiburi.

Ufundi nilifundishwa ng'ambo, upande wa Nakonde, na mzee mmoja Mbemba tuliyemwita Ba Mulenga. Nilikwenda kwake nikiwa kijana kutoka Mbozi, nimechoka kuchuma kahawa ya baba na kuangalia magunia yakiondoka. Wakati huo saa nyingi zilikuwa za kutia ufunguo, na saa ilikuwa mali. Mtu aliivaa juu ya mkono wa shati ili ionekane. Ba Mulenga alikuwa wa polepole kiasi cha kuudhi. Ukilazimisha skrubu anakugonga kidole kwa mpini wa bisibisi, anasema, "Awe, mwana wandi. Panono panono." Hapana mwanangu, polepole. Vidole vyangu vilikielewa Kibemba kabla ya masikio.

Alikuwa na kopo, kopo la maziwa ya unga lililobandikwa karatasi yenye neno moja: BADO. Saa aliyoielewa aliitengeneza. Saa asiyoielewa aliitia humo, akamwambia mwenyewe bila haya yoyote kwamba hii sijaijua, iko kwenye kopo, rudi Ijumaa. Ijumaa ikifika na bado hajaijua, anasema vile vile. Wengine walichukua saa zao wakaondoka wanasonya. Mimi niliona aibu kwa niaba yake. Nikajiambia nikija kuwa na meza yangu, kopo la namna hiyo halitakaa juu yake.

Nikaipata meza, upande wetu, karibu na foleni ya malori. Na kweli kopo sikuweka. Zile saa za betri zilikuwa zimeanza kumiminika, mtu ananunua mbili kwa siku moja kama vitumbua, na mafundi tuliongezeka mpaka tukawa tunakaa goti kwa goti. Kila mmoja alikuwa na jibu. Mteja akiuliza, ukisita kidogo tu, jirani amekwisha mwita. Nilijifunza kujibu kwanza na kuelewa baadaye, na mara nyingi ilinitokea vizuri.

Si mara zote. Kuna njia nzuri ya kujua kama maji yameingia ndani ya saa: unaipasha moto kidogo, kisha unaweka tone la maji baridi juu ya kioo. Ukungu ukitokea ndani na kugoma kuondoka, kuna unyevu. Kidogo, nasema. Mimi nilisikia habari hiyo nusu, nikaitia saa ya mchungaji mmoja kwenye sufuria nikaichemsha kama yai. Namba zote kumi na mbili zilibanduka zikakusanyika chini penye sita. Mchungaji aliitazama muda mrefu, akasema afadhali sasa ina saa moja tu, hatachelewa tena ibada. Lakini hakurudi.

Sasa ile saa ya kwanza ya kuzamia. Ililetwa na mama mmoja mfanyabiashara wa Nakonde aliyekuwa akishuka Afrika Kusini na kurudi na vitu vilivyokwisha tumika, akaniuzia ikiwa imesimama. Ilikuwa nene, nyeusi, mkanda wake mrefu wa kufungia juu ya vazi la mpira, na ndani ya kiboksi chake mlikuwa na kijitabu cha Kijerumani. Kijerumani sikukijua, wala pale sokoni hakuna aliyekijua. Nilikitupa kwenye droo. Nikaifungua saa, nikasafisha, nikatia betri, ikawaka. Kwenye kona ya kioo vikatokea vilima viwili vidogo.

Nikadhani ni ubovu. Nilihangaika na vilima vile karibu wiki mbili. Nikatoa betri, nikarudisha, nikasafisha tena, vilima viko pale pale. Kisha nikaalikwa harusi Msangano, kwa rafiki yangu mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake huko bondeni Momba. Niliivaa ile saa kwa majivuno, maana ilikuwa kubwa kuliko ya bwana harusi. Tulipofika kule kwenye joto, nikiwa nimekaa na sahani ya pilau, nikaitazama: kilima kimoja kimetoweka. Niliporudi Tunduma kikarudi. Hapo nikaelewa kwamba saa ile inapima uzito wa hewa, na inajua yenyewe kama uko juu au bondeni. Nilifurahi, na nilimhadithia kila aliyesimama mezani pangu.

Nikataka kujua kama inasema kweli kuhusu kina pia. Ziwa sina, lakini malori ninayo. Rafiki yangu fundi wa breki za upepo alinichomelea kipande cha bomba nene chenye mfuniko wa bolti. Tunajaza maji, tunatumbukiza saa, tunafunga, tunavuta upepo kutoka kwenye tenki la lori huku tukiangalia geji. Kila kipimo kimoja cha upepo ni kama mita kumi za maji. Tukapanda mpaka vipimo vitatu, tukasubiri muda wa kunywa chai, tukashusha polepole, tukaitoa. Kumbukumbu ya saa ikasema imeshuka karibu mita thelathini. Madereva wa Kizambia walikuwa wamejazana, wakapiga makofi.

Na kwenye kioo, pale penye vilima, kikawa kimetokea kijindege, na pembeni yake idadi ya masaa, ambayo ilikuwa ikipungua. Tuliangua kicheko. Nikasema saa yangu inataka kusafiri. Nilikuwa nimeshasikia kwamba mzamiaji hapaswi kupanda ndege mara tu akitoka majini, kwa sababu juu hewa ni nyepesi na yale mapovu huamka. Kwa hiyo niliijua ndege. Vilima nilivijua na ndege niliijua, kila kimoja peke yake, na sikuvikutanisha.

Habari za bomba langu zilienea kuliko nilivyotarajia. Ndipo akaja Mwalimu Tusekile.

Alikuwa mwalimu wa baiolojia sekondari, huko Igamba, Mbozi. Kwao hasa ni Ikinga, Mndali kwa kabila, na alikuwa amejenga Igamba akiishi na mama yake. Alipokuwa chuoni aliwahi kuwasaidia watafiti kuhesabu samaki Ziwa Nyasa, wakamfundisha kuzamia, na walipoondoka walimwachia vazi na vifaa vya zamani. Tangu hapo kila likizo ndefu alishuka ziwani, mara mbili au tatu kwa mwaka, kwa rafiki yake aitwaye Anyosisye mwenye mitungi na mashine ya kuijaza. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya darasani. Alinisalimia shikamoo ingawa hatukupishana sana umri, akaweka mezani saa mbili alizopewa na wauzaji azitazame, akaomba na ile yangu iwe ya tatu, akasema, "Fundi, nina hela ya moja, na si ya ghali. Nisaidie kuchagua."

Hapa nisikilizeni, maana sehemu hii niliifanya vizuri na bado ningeifanya vile vile.

Ya kwanza ilikuwa nyembamba, nzuri, unaweza kuivaa kanisani. Niliiweka kando. Betri yake ilifungiwa kiwandani, na mtu wa Igamba hawezi kutuma saa ng'ambo kila betri ikiisha. Ya pili ilikuwa na kifaa kingine cha kufunga kwenye mtungi ili kikuonyeshe hewa iliyobaki, pamoja na uwezo wa kuzamia kwa hewa za kuchanganya za aina aina. Nilimwuliza kama anazo hewa hizo. Akasema Anyosisye ana hewa ya kawaida tu, na geji ya mtungi anayo tayari. Nikamwambia basi usilipie chumba usicholala. Ya tatu ilikuwa ile ile yangu nene nyeusi. Namba zake kubwa, zinasomeka kwenye maji ya tope. Vitufe viwili tu. Kifuniko cha betri kinafunguka kwa sarafu. Vilima inavijua yenyewe bila kuambiwa. Mtu anayezamia mara tatu kwa mwaka anasahau vitufe kati ya likizo na likizo, kwa hiyo saa yake iwe ya kumsamehe.

Nilimwonyesha kile kimpira cha mviringo chini ya kifuniko, jinsi ya kukipaka grisi ya silikoni kidogo sana kwa ncha ya kidole, na jinsi ya kukitazama kwenye mwanga kama kina unywele. Unywele mmoja tu, na maji ya mita ishirini yatapita. Nilimwambia asibadilishe betri katikati ya siku za kuzamia, maana saa ya namna ile ukiitoa betri inasahau yote, inadhani umeamka leo hujawahi kugusa maji, wakati mwili haujasahau. Nilimwambia asimwazime mtu siku hizo, kwa sababu ile ile. Alikuwa akiandika kwenye daftari. Nilijisikia mkubwa, siwafichi. Wateja wengine walikuwa wamesimama nyuma yake wanasikiliza, na jirani yangu wa meza ya pili alikuwa ameacha kazi yake.

Mwisho akauliza, "Na hii ndege?"

Nikamjibu pale pale. Nikasema, "Mwalimu, hiyo ni ya wazungu wanaorudi kwao. Sisi wa Mbozi tunapanda basi. Usiihesabu."

Watu wakacheka. Yeye pia akatabasamu, akaandika kitu daftarini, akafunga, akailipia ile nyeusi. Nimejiuliza mara nyingi aliandika nini.

Likizo ile alikwenda ziwani, akakaa wiki nzima, akarudi salama, akanitumia salamu kwamba saa inafanya kazi. Likizo iliyofuata vile vile. Akikaa wiki, siku ya mwisho alikuwa hazamii, anafua na kuanika vifaa na kuaga watu. Hivyo ndege ilikuwa imeshaondoka kwenye kioo kabla hajapanda gari, na uongo wangu ukapita bila kugunduliwa. Kisha ikaja safari moja ya mwisho wa wiki tu. Alizamia Jumamosi mara mbili, Jumapili asubuhi mara mbili tena, na Jumatatu shule ilikuwa inafunguliwa. Anyosisye hakuwepo, alikuwa msibani. Aliyemjazia mitungi hakuwa mtu wa kumshauri mwalimu. Saa yangu ilionyesha ndege na masaa mengi pembeni. Akalikumbuka neno langu, akapanda gari.

Wanaoijua njia ile wameshaelewa. Kutoka Kyela barabara haina kazi nyingine isipokuwa kupanda: Tukuyu, kisha juu zaidi mpaka kwenye baridi, ndipo uteremke kidogo Uyole, upite Mbeya, na upande tena kuja kwetu. Pakiti ya biskuti uliyonunua Kyela, ukifika kule juu imevimba karibu kupasuka. Nimeiona mara nyingi mwenyewe kwenye basi, nikaibonyeza kwa kidole, nikaila.

Nilipigiwa simu Jumatano. Sauti ya mwanamume, ya adabu, ikauliza kama mimi ndiye fundi wa saa wa Tunduma. Nikasema ndiye. Akasema yeye ni Anyosisye wa ziwani. Akaniuliza, "Ni wewe uliyemwambia mwalimu kwamba ndege haimhusu?"

Akanieleza yote bila kupandisha sauti, na nadhani angenitukana ningeumia kidogo zaidi lakini kwa muda mfupi. Bega lilianza kumuuma mwalimu kabla ya Tukuyu, akadhani ni begi zito. Juu kule miguu ikaanza kumwasha kama mchwa wanatembea ndani. Alipofika Igamba mguu wa kushoto ulikuwa haumbebi, na mama yake alimkokota mpaka kitandani wakidhani ni malaria. Asubuhi alimpigia Anyosisye kumwuliza kama maumivu ya namna hiyo anayajua. Ndipo Anyosisye akawaambia wampeleke hospitali Mbeya upesi, wamwombee oksijeni, na wawaambie madaktari ametoka kuzamia. Alikuwa bado huko. Mashine yenyewe ya kutibu ugonjwa ule ilikuwa mbali, haifikiki. Oksijeni ilimsaidia, ila mguu ulikuwa bado. Anyosisye akaniambia jambo moja la mwisho: kwa yule aliyetoka majini, mlima na ndege ni kitu kimoja.

Nilifunga meza siku hiyo. Niliogopa, na niseme kweli, mwanzoni sikuogopa kwa ajili yake. Niliogopa jirani wa meza ya pili atasikia. Nilikaa na woga huo wa kipumbavu siku mbili, ndipo ule wa kweli ukaja: kwamba mwanamke anayesimama darasani kwa riziki yake huenda asisimame tena, na kwamba mzaha wangu ndio uliomkalisha.

Aliporuhusiwa kurudi nyumbani nikaenda Igamba. Mama yake alikuwa uani anageuza kahawa kwenye kichanja. Alinikaribisha vizuri, maana hakujua mimi ni nani. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti, fimbo imeegemezwa ukutani, madaftari ya wanafunzi mapajani anasahihisha. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njia nzima. Nilisema machache: kwamba nilimdanganya kuhusu ndege, si kwa kukusudia kumdhuru, ila kwa kutaka kuonekana najua. Nikamwomba msamaha.

Alifunga daftari alilokuwa akisahihisha. Akasema waliomfundisha kuzamia walitaja ndege. Mlima ama hawakuutaja ama aliusahau, na yeye mwenyewe ndiye anayewafundisha watoto habari za pakiti ya biskuti, kwa hiyo hawezi kuninyooshea kidole peke yangu. Nilianza kupumua. Kisha akaniangalia kwa yale macho ya mwalimu anayejua nani hajafanya kazi ya nyumbani.

"Lakini Fundi, nilikuuliza," akasema. "Ungesema tu hujui. Ningemwuliza mwingine."

Akaitoa saa kwenye mfuko wa nguo akanipa. Akasema nikae nayo mpaka niijue.

Niliporudi Tunduma nilitafuta kopo. Ba Mulenga alikuwa amekwisha fariki zamani, na la kwake sijui liliishia wapi. Nikapata la maziwa ya unga vile vile, nikaandika BADO, nikatia saa ya mwalimu ndani yake, nikaliweka mbele kabisa ya meza. Jirani aliuliza ni la nini. Nikamwambia ni la vitu nisivyovijua. Akacheka siku nzima, na kweli wateja wachache walihamia kwake. Wengine walikuja kwangu kwa sababu hiyo hiyo, lakini hilo lilichukua muda.

Kile kijitabu cha Kijerumani bado kilikuwa kwenye droo. Mbozi alikuwepo padri mmoja mzee aliyesomea Ujerumani, nikampelekea. Kila Jumatano alinisomea kurasa mbili tatu kwa Kiswahili, mimi naandika. Tulipofika kwenye ukurasa wa ndege, alisoma mara moja, akarudia. Imeandikwa kwamba alama hiyo ikionekana mzamiaji asipande ndege wala asisafiri kwenda mahali pa juu. Ndege na mlima viko kwenye sentensi moja. Kijitabu hicho kilikuwa droo moja na bisibisi zangu miaka yote ile, na mkono wangu ulikigusa kila siku.

Tulimaliza baada ya miezi kadhaa. Niliandika maana ya kila alama kwa mkono wangu, kwa Kiswahili, kwenye karatasi ngumu, na chini nikaongeza mawili ambayo kijitabu hakikuyasema. La kwanza: mtu wa Mbozi, Ileje au Tunduma akimaliza kuzamia, alale ziwani usiku mmoja mzima walau, na kama amezamia siku mfululizo alale miwili, hata kama saa inasema mapema; saa inakisia tu, haijauona mwili wako. La pili: asiyejua, aulize kabla ya kupanda. Nikampelekea Mwalimu pamoja na saa yake na betri mpya.

Mguu ulirudi kidogo kidogo. Fimbo aliiacha baada ya muhula mmoja. Vidole viwili vya mguu wa kushoto mpaka leo havisikii moto wala baridi, na kwenye ngazi anatazama chini. Madaktari walimkataza maji zaidi ya mwaka. Baadaye alipata daktari anayewahudumia wazamiaji, akampima akamruhusu kwa masharti: maji mafupi, mara moja tu kwa siku, na asiharakishe kurudi. Aliponiambia anakwenda, nilimsihi asiende. Akaniuliza kama hilo nalijua au nalikisia. Nikasema nalikisia. Basi, akasema.

Hizo saa siku hizi zimekuwa nafuu, na nyingi zina alama nzuri zaidi. Mtawauzia watu. Wengine watakuwa madaktari na wahandisi wa migodi, wanajua mengi kuliko ninyi, na watawauliza jambo dogo mwishoni, mkono ukiwa umeshashika mfuko wa hela, watu wakiwa wamesimama nyuma. Hapo ndipo pa hatari. Kopo langu nimemwachia aliyechukua meza yangu, na nimemwambia lisikae tupu.

Mimi nimestaafu, macho hayaoni skrubu tena. Lakini kila likizo, Mwalimu Tusekile akiwa ziwani, simu yangu naiweka karibu, na siku yake ya kurudi sitoki nyumbani. Yeye hukaa siku zake mbili kavu, anafua, anaanika, anawasubirisha wenye gari. Kisha ujumbe unaingia, daima ule ule, nami huusoma nikiwa nimesimama.

"Ndege imeondoka, Fundi. Sasa napanda."